Jiwe Zito Lililokaa Kwenye Kikapu cha Kahawa

Wanangu wa kidato cha tatu, na ninyi wengine mliochungulia dirishani siku ile bila kualikwa, hamjambo. Mwalimu wenu wa fizikia ameniomba niandike kidogo kuhusu kazi niliyoifanya kabla sijarudi kulima migomba hapa Ihembe. Nimekubali upesi, ingawa mimi si mtu wa kalamu. Yupo mmoja wenu, msichana mwenye sweta lililotoboka kiwiko, aliyeniuliza swali zuri nami nikamjibu ovyo. Tangu siku ile sina raha.

Mnakumbuka nilikuja na nusu mbili za kidonge cha jiwe, na nilikuja na Sudi, bwana mifugo wa Omurushaka, yule anayepandikiza ng'ombe mbegu. Mtungi wake wa kutunzia mbegu hujazwa naitrojeni ya maji, na naitrojeni hiyo ni baridi kupita baridi yoyote mtakayoijua. Sudi aliimimina kwenye bakuli mvuke ukatambaa sakafuni, mkarudi nyuma wote kama mmeona nyoka. Nusu ya kwanza ya jiwe ilipopoa, niliweka sumaku ndogo juu yake, na sumaku ikaelea hewani. Mlipiga makofi mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuona kuna nini. Kisha nikaweka nusu ya pili. Sumaku ikalala juu yake kama kokoto.

Yule msichana akauliza, "Babu, na hilo lingine kwa nini haliinui?"

Nikamwambia, "Hilo limeharibika," nikafunga mkoba wangu. Lilikuwa jibu la mtu anayewahi chakula. Jibu lenyewe ni refu, na ndilo nitakalojaribu kulitoa hapa.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Niliporudi kutoka Ulaya watu wa hapa walisikia kwamba nilikuwa nafanya kazi ya oksijeni, wakaamua nilikuwa nabeba mitungi hospitalini. Mzee mmoja alinipeleka kwa mkewe anayebanwa kifua ili nimsikilize. Nilimpa uji mama wa watu, nikampakia kwenye pikipiki kwenda zahanati. Hata sasa wapo wanaoniita daktari, nami nimechoka kukataa.

Mimi nilikuwa mpishi wa mawe. Nilianza kama mtunza maabara wa shule, kama yule kijana wenu anayewavunjia vikombe vya kupimia. Nikapata nafasi ya kwenda Ulaya kwa mafunzo ya ufundi ya mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwingine, na mwingine ukazaa mvi. Nilirudi nyumbani nikiwa mstaafu.

Mawe yetu hayachimbwi. Unachukua unga wa shaba, unga wa bariamu na unga wa madini mengine yasiyopatikana kirahisi, unavisaga pamoja kwenye kinu kidogo kinachoenea kiganjani. Unasaga mpaka mkono unakataa. Unapika kwenye tanuri, unatoa, unasaga tena, unapika tena. Mwisho unagandamiza unga ule uwe kidonge, unakichoma, na unapata kitu cheusi ambacho ukikiacha mezani mtu atakifagia. Lakini ukikipooza sana, kinapitisha umeme bila kupoteza hata chembe, na kinaisukuma sumaku ielee, kama mlivyoona.

Aliyenipa kazi hiyo ni Dokta Marta. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kicheko kinachotoka ghafla kama chafya, na ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara ile. Alinikuta siku zangu za kwanza nasaga unga kwenye kona. Akasimama akinitazama.

"Umejifunza wapi kusaga hivyo?"

"Kwa mama yangu. Ulezi na karanga."

"Wanafunzi wangu wakisaga wanasikiliza muziki, wanaacha mabonge ya unga mazima mazima. Wewe baki hapo."

Basi nikabaki. Kama mnatafuta hekima katika maisha yangu, ipo hapo: kilichonipa kazi Ulaya si cheti, ni karanga.

Kosa langu la kwanza lilikuja mapema. Mawe haya hayali oksijeni wakati yana moto mkali. Huila yanapopoa, taratibu, joto likishuka kidogo kidogo. Mimi nikaona tanuri limeshazimwa, nikafikiri kazi imekwisha, nikafungua. Kidonge kikapasuka mbele ya macho yangu, na kilichobaki hakikuinua sumaku wala unyoya. Dada yangu Paskazia akipika ndizi hufunika chungu kwa majani ya mgomba, na ole wako ufunue kabla majani hayajalegea. Mimi niliyelelewa na chungu kile ndiye niliyefunua tanuri. Dokta Marta hakunigombeza. Alikiweka kile kidonge kilichopasuka kwenye dirisha la ofisi yangu, akakiacha pale mwaka mzima, na kila asubuhi akipita alikisalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Sasa nije kwenye oksijeni yenyewe, maana msichana wangu wa sweta ataniuliza.

Oksijeni mnayoivuta sasa hivi karibu yote ni ya aina moja, nyepesi. Lakini ndani yake imo, kwa uchache sana, ya aina nyingine iliyo nzito zaidi. Wataalamu huziita isotopu. Ile nzito huwasha moto vilevile, hutengeneza maji vilevile, huingia kwenye jiwe vilevile. Tofauti ni uzito tu. Na uzito una maana kwa sababu ndani ya jiwe atomu hazitulii, zinatikisika, na kitu kizito hutikisika polepole kuliko chepesi. Wapalilisheni watu wawili shamba, mmoja mpeni jembe zito, mtaona wenyewe.

Swali lililowanyima watu usingizi ni hili: umeme unapopita kwenye jiwe bila kupotea, je, mtikisiko wa oksijeni unausaidia, au haumo kabisa? Huwezi kuingia ndani ukatazama. Unachoweza kufanya ni kubadilisha uzito wa oksijeni, halafu uone kama jiwe litahitaji baridi zaidi ili lianze kazi yake. Likihitaji baridi zaidi, mtikisiko una mkono wake humo. Kwenye mawe yaliyo bora kabisa tofauti ilikuwa ndogo mno, wengine wakasema basi, hakuna kitu. Kwenye mawe yaliyodhoofishwa kidogo kwa kuchanganywa na madini mengine, tofauti ilikua. Hapo ndipo wasomi walipogombana, na mpaka leo hawajapatana.

Ufundi wake ni huu, na hapa msiruke mistari. Unakata kidonge kimoja katikati. Nusu mbili, baba mmoja mama mmoja. Unaziweka kwenye mabomba mawili ya kioo, ubavu kwa ubavu, ndani ya tanuri moja. Bomba moja unalipa oksijeni ya kawaida, la pili unalipa ile nzito, ambayo tuliifungulia vali kwa uchoyo kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari. Mengine yote lazima yalingane. Zipande joto pamoja, zishuke pamoja.

"Ukipiga chafya," alisema Dokta Marta, "piga chafya kwa zote mbili."

Nusu isiyo na mwenzake haisemi kitu. Ukiona imebadilika hujui kama ni oksijeni nzito iliyoibadilisha, au ni moto, au ni mikono yako. Na hata ukiwa na mwenzake, kazi haijaisha. Kuna hatua ya mwisho ambayo vijana wengi huiruka kwa sababu wamechoka: unaichukua ile nusu nzito, unairudisha tanurini, unaiondolea oksijeni nzito na kuipa nyepesi. Ikirudi kuwa sawa na mwenzake, umeapa na kiapo kimekubalika. Ikikataa kurudi, ujue uliharibu kitu kwenye upishi na umekuwa ukijidanganya.

Siku moja ya theluji nilikuwa natafuna kahawa niliyotumiwa na Paskazia, ile yetu ya kuchemshwa na majani yenye harufu kisha ikaanikwa juani. Dokta Marta akaomba aonje. Nikaipasua moja kumwonyesha punje mbili zilizolala ndani uso kwa uso, nikamweleza habari ya omukago. Zamani kwetu watu wawili waliotaka kuwa ndugu, bila kuzaliwa ndugu, walichukua tunda moja la kahawa. Kila mmoja alichukua punje moja, akaipaka damu yake kidogo, na mwenzake akaimeza. Baada ya hapo humwibii, humsengenyi, humnyimi kitu.

Alizigeuza zile punje kiganjani kwa muda mrefu. "Tunda moja, punje mbili," alisema. "Na hakuna anayeirudisha baadaye kuhakikisha?"

"Nani arudishe kitu kilichomezwa?"

Akacheka ile chafya yake. Tangu siku ile kila jozi ya nusu mbili tuliiita kahawa. Asubuhi alikuwa akipaza sauti koridoni, "Laurian, kahawa ya jana imepoa?" Wageni wakadhani maabara yetu ni ya walevi wa kahawa.

Tulipika kahawa nyingi, nami nimezisahau karibu zote isipokuwa ya mwisho. Dokta Marta alikuwa amekaribia kustaafu, akawa na hamu moja. Alitaka kuona kwa macho. Kwa kawaida tofauti ya nusu mbili tuliisoma kwenye mashine, namba tupu. Yeye alitaka kupika jiwe lililodhoofishwa kwa kipimo maalumu, hivi kwamba kwenye naitrojeni ya maji nusu nyepesi iweze kuinua sumaku kwa shida, na nusu nzito ishindwe kwa kidogo tu. Tuliharibu vidonge hata nikaona haya kuvihesabu. Kingine kiliinua pande zote mbili, kingine hakikuinua popote.

Halafu ikatokea. Tuliziweka nusu mbili kwenye sahani moja, tukamimina naitrojeni. Juu ya nyepesi sumaku ilijiinua, ikitetemeka kama ndama aliyezaliwa saa hiyo. Juu ya nzito ililala. Dokta Marta alipiga magoti sakafuni ili macho yake yawe sawa na sahani. "Unauona uzito wa oksijeni," alisema. "Laurian, tunautazama kwa macho." Nami nilikuwa nalia, na mpaka leo sisemi ni moshi.

Ilibaki hatua ya mwisho, ya kuirudisha nusu nzito. Nilimkumbusha.

"Wiki ijayo," alisema. "Kuna wageni wanakuja, nataka waione."

Wageni wakaja, wakaiona. Wakaja wengine. Ukiirudisha nusu nzito haiwi nzito tena, na hatukuwa na jozi nyingine kama ile. Ilikuwa nzuri mno kuitazama. Ilipofika zamu ya kurudisha kulikuwa na mkutano, ukapita kukawa na ugeni, na mimi nami sikumkumbusha mara ya pili, kwa sababu nilipenda kuiona kama yeye. Kahawa zote zilizotangulia tulizirudisha, hata mbaya. Hii nzuri tuliiacha.

Siku yangu ya mwisho kazini alinipa chupa ndogo iliyozibwa, ndani mna punje za kukausha unyevu, na katikati yake ile nusu nzito.

"Wewe chukua nzito, umezoea mizigo," alisema. "Mimi nabaki na nyepesi. Ukifika kwenu iweke mahali mnapoweka kahawa."

Alimaanisha pamoja na chupa yake. Fundi hawezi kumaanisha vinginevyo.

Nilifika Ihembe, nikampa Paskazia zawadi zake, kisha nikamwonyesha ile chupa nikamweleza yote. Dada yangu hajasoma fizikia, lakini omukago anaujua kuliko mimi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, uso ukabadilika.

"Lauri, huyu mtu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, dada."

"Sasa mbona umemfungia kama dawa ya panya? Omukago katika chupa! Waitu, ndugu yangu, watu wakija tutawaambia nini?"

Mnajua kikapu cha kahawa ya kutafuna kwenye nyumba zetu. Hakifungwi kwa mgeni. Mgeni akiingia kinasogezwa mbele yake, anachukua mwenyewe, na ukikificha wanasema nyumba hii ina moyo mbaya. Paskazia alikishusha chake kutoka juu ya jiko, akanipa. Nilicheka, nikaizibua chupa, nikaliweka jiwe la Dokta Marta katikati ya kahawa. Pale lilionekana limefika kwao.

Nilijua unyevu unalila jiwe lile. Nilijua kama ninavyolijua jina langu, nimewafokea wanafunzi wa watu kwa kuacha kifuniko wazi wakati wa chai. Lakini siku ile nilikuwa nyumbani, nimevaa kandambili, dada yangu ananicheka, na nilifikiri kazi ya jiwe imekwisha, limebaki la heshima tu. Kikapu kikarudi juu ya jiko, kwenye mvuke wa ndizi na moshi wa kuni. Misimu ya mvua ikapita. Wageni walilishika, wakalinusa, mmoja akalijaribu kwa jino.

Kisha Dokta Marta akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Tulisalimiana, akaniuliza habari za Paskazia, kisha akaingia kwenye jambo lake bila kuzunguka, kama kawaida yake.

"Kuna vijana wamesema nusu yetu nzito haikuinua sumaku kwa sababu haikushiba oksijeni ilipokuwa inapoa. Wanasema uzito haukuhusika. Huenda ni kweli."

"Si kweli," nikasema.

"Umejuaje?"

Nilikuwepo siku ile, nililitazama joto likishuka kidogo kidogo, nilipiga chafya kwa zote mbili. Lakini hayo si majibu, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba si majibu.

"Mimi naumwa, Laurian," akaendelea. "Sibishani na mtu. Nataka kujua tu kabla sijaondoka. Tanuri lipo, na kuna binti mmoja atakayeliendesha vizuri. Nitumie nusu yako tuirudishe kwenye oksijeni nyepesi. Ikiinua, ulikuwa uzito. Isipoinua, nilikosea. Si vibaya kufa ukijua ulikosea. Bado unayo?"

"Ninayo," nikasema, na hapo hapo nikakumbuka ninayo wapi.

Nilikishusha kikapu kwa mikono yangu. Kwa chini jiwe lilikuwa jeusi bado. Kwa juu lilikuwa limeota ukoko mweupe kama chokaa, na nilipolinyanyua kona moja ilibaki kwenye kahawa. Ukoko ule naujua. Ni bariamu iliyonyonya maji na hewa, ikaacha jiwe na kwenda zake. Paskazia alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi.

"Limekuwa nini?"

"Limeoza, dada."

"Jiwe linaoza?"

"Hili linaoza."

Alijua kutoka usoni kwangu, akaketi kwenye kigoda na kile kisu mapajani. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwambia ufungue."

"Na mimi ndiye niliyejua," nikamjibu.

Mtu akikata tamaa hufanya mambo ya kitoto. Nilipanda gari mpaka Omurushaka kumtafuta Sudi. Nilimkuta nyuma ya duka la marehemu baba yake, anapakia mtungi wa naitrojeni kwenye pikipiki, anakwenda Songambele kwenye ng'ombe wa mtu.

"Shikamoo mzee wangu. Leo una ng'ombe?"

"Marahaba, Sudi. Nina jiwe."

Alinitazama kama mnavyonitazama ninyi, lakini alikuwa na adabu. Tulikaa kwenye kibaraza, nje, maana naitrojeni haimwagwi ndani ya chumba kilichofungwa: inafukuza hewa, na mtu huanguka bila kujua kimempata nini. Msiisahau hiyo hata mkisahau mengine yote. Akamimina kwenye sufuria ya mkewe. Nikaliweka jiwe, nikangoja naitrojeni ichemke itulie, nikaweka sumaku. Ikalala. Nikaigeuza, ikalala. Nikalipinduza upande mweusi juu, sumaku ikalala.

Sudi akakuna kidevu. "Lakini mzee, si umesema hili tangu zamani halikuwa linainua?"

"Ndiyo."

"Basi si lipo sawasawa tu? Unalia nini?"

Wanangu, lile ndilo swali lililonimaliza. Ni kweli, tangu zamani halikuinua, na kutoinua kwake ndiko kulikokuwa ushahidi wetu. Lakini siku zile zilikuwepo sababu mbili tu za kubishaniwa, uzito au upishi, na tulikuwa na njia ya kujua ni ipi. Sasa halikuinua kwa sababu ya mvua, na ya moshi, na ya meno ya mgeni. Ningeweza kulisaga upya na kulipika upya, naam, na huenda lingeinua sumaku. Lakini lingekuwa jiwe jingine. Lisingekuwa tena lile lililokatwa pamoja na mwenzake, likapanda na kushuka naye ndani ya moto mmoja. Nilijaribu kumweleza Sudi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaninunulia chai akaenda kwa ng'ombe wake.

Nilimpigia Dokta Marta nikiwa bado Omurushaka, maana nilijua nikifika nyumbani nitaahirisha. Nilimwambia limeharibika.

Akauliza, "Uliliweka wapi?"

"Kwenye kikapu cha kahawa."

"Na chupa yake?"

"Bila chupa."

Nilisubiri anifokee. Ningefurahi anifokee. Akaanza kucheka, ile chafya, ikageuka kikohozi kirefu, na nikasikia mtu mwingine chumbani akimpa maji.

"Nami langu nimelitunza," alisema alipopata pumzi. "Liko zima, jeusi, kama siku ile. Nililitazama asubuhi hii." Kisha akaongeza, "Peke yake halina la kusema. Lakini ni jiwe zuri."

"Nisamehe, Dokta."

"Tungelirudisha wiki ileile," akasema. "Wiki ileile, Laurian. Mimi ndiye niliyetaka wageni walione."

Hatukuzungumza tena. Mvua zilizofuata binti yule wa tanuri alinijulisha kwamba amefariki, na baadaye kikaja kifurushi posta. Ndani mlikuwa na chupa iliyozibwa vizuri, na ile nusu nyepesi. Aliagiza nipewe mimi. Paskazia aliiona, hakukishusha kikapu. Alitafuta kitambaa safi akaifunga chupa pamoja na kizibo chake, akaiweka kabatini kwenye nguo zake za kanisani.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi sikujaliwa wajukuu wa kuzaa, lakini huyu wa methali haachi kunitembelea. Hunikuta kwenye migomba, hunikuta kanisani. Ananiuliza kwa nini tuliacha kumaliza kitu kwa sababu kilikuwa kizuri. Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Kazi mbaya tuliikagua mpaka mwisho. Ile tuliyoipenda tuliionea huruma.

Mtakaokwenda kwenye maabara, sageni mpaka mkono ukatae, msifungue tanuri kwa pupa, na kila kitu mnachokibadilisha kiwe na mwenzake ambaye hamkumbadilisha. Mtakaobaki hapa na kahawa na ng'ombe, hayo hayo yanawafaa. Mkijaribu mbolea mpya, acheni mistari mingine bila mbolea, shamba lilelile, mvua ileile, la sivyo mtakuwa mnasimuliana hadithi.

Nirudi kwako, mwenye sweta lililotoboka. Siku ile darasa zima lilikuwa linapigia makofi jiwe lililoinua, na wewe peke yako ulikuwa unalitazama lile lingine. Uliniuliza kwa nini haliinui nikasema limeharibika. Ni kweli limeharibika, lakini hukuuliza hilo. Uliuliza kwa nini, na jibu la kwa nini ni kwamba sijui, na hakuna atakayejua. Lilikuwa swali la Dokta Marta, ingawa kwa maneno mengine, na aliliuliza bila kubishana kama ulivyoliuliza wewe. Wote wawili mmenikuta nimeshaizibua chupa.